Tonge la Kwanza: Chakula cha Mtoto Mchanga, Utumbo Wake na Mzio

Utumbo mwembamba wa mtoto aliyezaliwa miezi ikiwa imetimia una urefu unaokaribia mita tatu, na ndani umefunikwa na tabaka moja tu la seli. Upande mmoja wa tabaka hilo kuna maziwa, bakteria na chochote kingine alichomeza mtoto. Upande wa pili kuna mishipa ya damu na sehemu kubwa ya mfumo mzima wa kinga ya mwili. Tabaka hilo lina kazi mbili zinazovutana: kupitisha chakula na kuzuia vijidudu. Kwa mtu mzima kazi hiyo imekwisha kuzoeleka. Kwa mtoto mchanga viungio kati ya seli na seli bado vimelegea, ute unaozikinga ni mwembamba, tindikali ya tumbo ni hafifu, na seli za kinga hazijajua lipi la kupigana nalo na lipi la kuliacha lipite. Zinajifunza kutokana na kile kinacholetwa mbele yao, na kwa miezi ya mwanzo karibu kila kinacholetwa hutoka kwenye mkono au titi la mama.

Katika Afrika Mashariki makosa mawili hufanyika kwa wingi katika ulishaji wa watoto hawa, na kwa kawaida hufuatana kwa mtoto yuleyule. La kwanza ni kumpa vitu vingine mapema mno, utumbo ukiwa bado haujakomaa. La pili ni kwamba, umri wa kula ukifika, anapewa vyakula vya aina chache mno, vingine vikicheleweshwa hadi mwaka au zaidi. La kwanza linahusika zaidi na uvimbe wa utumbo. La pili linahusika na upungufu wa lishe, na kwa watoto wenye ngozi inayowasha, na mzio.

Uvimbe unaozungumzwa hapa si tumbo lililojaa gesi wala kitovu kilichotuna. Ni hali ambapo seli za kinga zilizo kwenye ukuta wa utumbo huchochewa, zikaita chembe nyeupe zaidi za damu na kumwaga kemikali za kupambana na adui. Ukiwa wa muda mfupi, wakati wa kuhara kwa mfano, uvimbe huo ni ulinzi. Ukidumu, unauharibu ukuta wenyewe: vidole vidogo vidogo vinavyofyonza chakula hufupika, viungio hulegea zaidi, na mabaki ya bakteria hupenya kwenye damu na kuchochea uvimbe mwingine. Mtoto wa namna hii anaweza asiharishe kabisa. Anakula, anacheza, lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi.

Madaktari huupima uvimbe huo kwenye kinyesi, kwa kutafuta protini zinazotoka kwenye chembe nyeupe za damu, mojawapo ikiitwa kalprotektini. Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya sehemu nane duniani zilizoshiriki katika utafiti wa MAL-ED, uliowafuatilia watoto tangu siku zao za kwanza hadi miaka miwili na kukusanya vinyesi vyao kwa utaratibu. Watoto ambao vinyesi vyao vilionyesha dalili kubwa zaidi za uvimbe ndio waliopungukiwa zaidi kimo katika miezi iliyofuata. Udumavu, kumbe, hauanzii kwenye sahani peke yake. Chakula kinaweza kuwapo na utumbo usiweze kukitumia.

Maziwa ya mama yametengenezwa kwa ajili ya utumbo usiokomaa. Yale ya siku za kwanza, mazito na yenye rangi ya manjano, huitwa dang'a, na bado wako akina mama wanaoyakamua na kuyamwaga kwa kuambiwa kwamba ni machafu. Ni machache, vijiko vichache kwa siku, lakini yamejaa kingamwili za aina ya IgA. Kingamwili hizo haziingii kwenye damu ya mtoto. Hubaki ndani ya utumbo, zikanasa vijidudu na kuvizuia visishike ukutani, na kazi hiyo huifanya bila kuwasha uvimbe. Tena zinalingana na mahali: seli za kinga zilizokutana na vijidudu kwenye utumbo wa mama husafiri hadi kwenye matiti, hivyo mama anayeishi Tandale, jijini Dar es Salaam, hutengeneza kingamwili za vijidudu vya Tandale. Hakuna kopo la dukani linaloweza kufanya hivyo.

Kuna jingine lililowashangaza wanasayansi kwa muda mrefu. Kila lita ya maziwa ya mama ina gramu 5 hadi 15 za sukari za aina ya pekee, ziitwazo oligosakaridi, ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya. Zipo za maumbo zaidi ya 150. Kwa wingi, ukiondoa maji, zinafuata baada ya laktosi na mafuta. Swali lilikuwa: kwa nini mwili wa mama ugharimike kutengeneza chakula asichoweza kukitumia mtoto? Jibu lilitokana na kazi iliyoanza mwaka 1899 huko Paris, ambako Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur alikuta kwenye vinyesi vya watoto wanaonyonya bakteria wenye umbo la matawi mawili. Leo wanaitwa bifidobakteria. Hao ndio walengwa wa zile sukari. Aina yao moja, infantis, inao uwezo wa kuzila karibu zote, na ikishiba hutoa tindikali zinazoufanya utumbo uchachuke kidogo. Choo cha mtoto anayenyonya tu huwa laini, cha manjano, chenye harufu ya uchachu isiyokera, na harufu hiyo ndiyo alama ya tindikali hizo. Vijidudu vingi vya kuharisha havistawi katika uchachu wa namna hiyo.

Ushahidi mzito kuhusu uvimbe ulitoka kwa watoto njiti. Hao hushambuliwa na ugonjwa ambao sehemu ya utumbo huvimba, hukosa damu na kufa, na mara nyingi mtoto naye hufa. Mwaka 1990 Alan Lucas na Tim Cole wa Uingereza walitoa matokeo ya watoto njiti 926. Waliolishwa maziwa ya kopo pekee waliupata ugonjwa huo mara 6 hadi 10 zaidi ya waliopewa maziwa ya mama pekee. Tangu hapo, hospitali zinazowajali njiti zimekuwa zikitafuta maziwa ya binadamu kwa kila njia. Kenya ilifungua benki yake ya kwanza ya maziwa ya mama mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi: akina mama wenye maziwa ya ziada hupimwa afya, hukamua, na maziwa hupashwa moto wa kiasi cha kuua vijidudu kabla ya kupewa mtoto ambaye mama yake amefariki, ni mgonjwa, au bado hajaanza kutoa maziwa.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi, hatari si ya ghafla kiasi hicho, na ndiyo sababu watu wengi hawaioni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, kisha aanze vyakula vya kulikiza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Neno pekee lina maana ya pekee kweli: si maji, si glukosi, si chai ya rangi, si dawa ya chango isiyoandikwa na daktari. Maziwa ya mama yana maji kiasi cha asilimia 87, na hata katika joto la Tanga au Mombasa mtoto anayenyonya kila anapotaka hahitaji tone la ziada. Maji anayoongezewa hujaza tumbo dogo, humfanya anyonye kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa. Baada ya wiki mbili mama anasema maziwa hayatoshi, naye anasema kweli, ila maji ndiyo yaliyoyapunguza.

Uji mwepesi wa miezi miwili au mitatu una historia kama hiyo. Mtoto analia usiku, bibi anasema hashibi, na bakuli linaletwa. Kilio cha umri huo mara nyingi ni cha ukuaji tu: mtoto hunyonya mfululizo siku mbili tatu ili kuongeza maziwa, kisha hutulia. Uji unamletea wanga ambao vimeng'enya vyake vya kuumeng'enya bado ni haba, na ule usiomeng'enywa huliwa na bakteria wengine. Ndani ya siku chache bifidobakteria hupungua, wale wanaohusishwa na uvimbe huongezeka, na choo hubadilika rangi na harufu. Kama kikombe kilioshwa kwa maji ya kisima kisichofunikwa, vijidudu vya kuharisha navyo vimeingia wakati huohuo, ukuta ukiwa umepungukiwa walinzi.

Uzito wa kuchanganya huku ulijitokeza mahali ambapo hakuna aliyeutarajia, kwenye utafiti wa virusi vya ukimwi. Huko Durban, Afrika Kusini, kabla ya dawa za kufubaza virusi kuwafikia wengi, Anna Coutsoudis na wenzake waliwafuatilia akina mama 549 wenye virusi na kutoa matokeo mwaka 1999. Hadi miezi mitatu, asilimia 14.6 ya watoto walionyonyeshwa pekee walikadiriwa kuwa wameambukizwa. Kwa walionyonya huku wakipewa vitu vingine, ilikuwa asilimia 24.1. Maziwa yaliyobeba virusi ni yaleyale. Kilichotofautiana ni kile kilichoongezwa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba maji, chai na uji viliuchubua na kuuvimbisha utumbo, virusi vikapata mlango. Siku hizi mama anayetumia dawa zake ipasavyo ananyonyesha kama wengine na hatari ni ndogo sana, lakini somo la Durban kuhusu ukuta wa utumbo halijabatilika.

Habari njema ni kwamba desturi hubadilika, tena upesi. Nchini Kenya, watoto wa chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 na 2009. Kufikia mwaka 2014 walikuwa asilimia 61. Katikati ya hapo ilipitishwa sheria ya mwaka 2012 ya kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo, na wahudumu wa afya ya jamii walipita nyumba kwa nyumba. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 60, yaani kupanda kumesimama. Tanzania ilifikia asilimia 64 mwaka huohuo. Kinachobaki hakitaondoka kwa mawaidha. Likizo ya uzazi ya mwajiriwa Tanzania ni siku 84, na miezi sita ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Mama lishe, muuza samaki na kibarua wa shambani hawana hata hizo siku 84. Kumlaumu mama kwa uji wa miezi mitatu bila kuuliza amerudi lini kazini ni dhuluma. Anayeweza kukamua anafaa kufundishwa: maziwa yaliyokamuliwa kwenye chombo safi hukaa hadi saa 4 katika chumba kisicho na joto kali, na hadi siku 4 kwenye friji, na mtoto hunyweshwa kwa kikombe kidogo badala ya chupa, kwa sababu chupa na chuchu yake ni vigumu kuvisafisha.

Mtoto akitimiza miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaisha na maziwa peke yake hayamtoshi. Hapa pana jambo lenye utata wa kweli, na moja ya tafiti zilizoufichua ilifanyika pwani ya kusini ya Kenya, eneo la Kwale. Watafiti wa chuo cha ETH cha Zurich pamoja na wenzao wa Kenya waliwapa watoto wa miezi sita uji wa mahindi kila siku kwa miezi minne. Uji wa baadhi yao ulitiwa unga wa virutubisho wenye chuma, miligramu 2.5 au 12.5, wengine walipata unga uleule usio na chuma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuwa ya kusikitisha. Chuma kiliongeza bakteria wa jamii ya wale wa kuharisha, na kalprotektini ikapanda. Kati ya waliopewa kipimo kikubwa, asilimia 27.3 walihitaji matibabu ya kuhara, dhidi ya asilimia 8.3 ya wenzao wasiopewa chuma.

Sababu yake inaeleweka. Chuma cha unga hufyonzwa kidogo tu. Kingi hushuka hadi utumbo mpana, na bakteria wabaya wengi hukihitaji ili wazaliane, ilhali bifidobakteria hukihitaji kwa uchache sana. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, lakini mtoto hukifyonza vizuri, na protini iitwayo laktoferini hukishikilia kisiwafikie vijidudu. Haifuati kwamba mtoto aachwe bila chuma, kwa sababu upungufu wa damu nao hudhuru ubongo unaokua. Watafiti walirudi Kwale na kuongeza kwenye unga huo nyuzinyuzi zinazofanana kikazi na zile sukari za maziwa ya mama, huku chuma kikipunguzwa hadi miligramu 5. Mwaka 2017 walieleza kwamba sehemu kubwa ya madhara ilizuilika. Kwa mama wa nyumbani maana yake ni nyepesi: mtoto anayeanza kula aendelee kunyonya sana, na chuma chake kitoke kwanza kwenye ini, nyama ya kusaga na dagaa waliotwangwa. Vidonge na unga wa dukani vifuate ushauri wa kliniki.

Mzio ni habari nyingine, ingawa unapita kwenye ukuta uleule. Katika uvimbe wa kawaida kinga inapigana na kijidudu. Katika mzio inapigana na chakula kisicho na kosa: protini ya yai, ya maziwa ya ng'ombe, ya karanga, ya samaki. Mwili hutengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini hiyo, na siku itakaporudi, hata kwa kipande kidogo, seli zilizobeba kingamwili hizo humwaga histamini. Midomo inavimba, ngozi inatoka mabaka yanayowasha, mtoto anatapika, na kwa wachache njia ya hewa inaziba.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini dawa ni kusubiri. Mwaka 1998 Uingereza, na mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, walishauri familia zenye historia ya mzio zisiwape watoto karanga hadi watimize miaka mitatu. Wazazi walitii. Mzio wa karanga, badala ya kupungua, uliongezeka. Kisha Gideon Lack na wenzake wa London walilinganisha watoto wa Kiyahudi wanaoishi Uingereza na wale wanaoishi Israeli, watu wa asili inayokaribiana. Mwaka 2008 walieleza kwamba mzio wa karanga ulikuwa asilimia 1.85 kwa wa Uingereza na asilimia 0.17 kwa wa Israeli. Watoto wa Israeli, kabla hata ya mwaka mmoja, walikuwa wakitafuna vitafunio laini vya karanga viitwavyo Bamba. Wengi wa wale wa Uingereza hawakuwa wameonja karanga.

Kulinganisha pekee hakuthibitishi, hivyo likafanyika jaribio lililoitwa LEAP. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wakiwa na pumu ya ngozi iliyo kali au mzio wa yai, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu waliepushwa na karanga kabisa. Nusu walilishwa angalau gramu 6 za protini ya karanga kila wiki. Walipotimiza miaka mitano, asilimia 17.2 ya walioepushwa walikuwa na mzio wa karanga, dhidi ya asilimia 3.2 ya waliolishwa. Matokeo hayo ya mwaka 2015 yaliupindua ushauri wa dunia nzima. Mwaka 2024 watoto walewale, wakiwa na umri wa miaka 13 hivi, walipimwa tena. Kinga ilikuwa bado ipo, hata kwa waliokula karanga pale tu walipojisikia.

Lack alikuwa na maelezo yake, na yamezidi kupata nguvu. Protini ya chakula inayoingia mwilini kwa njia ya mdomo hukutana na seli za kinga za utumbo, ambazo mwelekeo wao ni kuvumilia. Protini ileile ikiingia kupitia ngozi iliyochanika kwa pumu ya ngozi hukutana na seli zilizokaa tayari kwa vita. Mwaka 2003 yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kuona uhusiano kati ya mzio wa karanga na mafuta ya ngozi ya watoto yaliyotengenezwa kwa mafuta ya karanga. Mtoto aliyenyimwa karanga mdomoni katika nyumba ambayo karanga zinaliwa hafichiki nazo: zimo kwenye vumbi, kwenye shuka, kwenye mikono inayomkanda. Anakutana nazo kwa mlango mbaya kabla ya ule mzuri. Ndiyo maana kuitibu pumu ya ngozi mapema, na kunawa mikono kabla ya kumpaka mtoto mafuta, ni sehemu ya kinga dhidi ya mzio wa chakula.

Inafaa kusema wazi kile ambacho maziwa ya mama hayafanyi, kwa sababu wanaoyapigia debe wakati mwingine huahidi kupita kiasi. Jaribio kubwa kuliko yote la unyonyeshaji lilifanyika Belarusi chini ya Michael Kramer, likihusisha jozi 17,046 za mama na mtoto katika hospitali 31 za uzazi. Nusu ya hospitali zilifundishwa kuwasaidia akina mama kunyonyesha zaidi na kwa muda mrefu. Katika mwaka wa kwanza, maambukizi ya tumbo yalipungua kutoka asilimia 13.2 hadi 9.1, na pumu ya ngozi kutoka asilimia 6.3 hadi 3.3. Watoto walipofikia miaka sita na nusu, pumu ya mapafu na mizio ya hewa havikutofautiana. Maziwa ya mama, kwa hiyo, ni ngao imara dhidi ya kuhara na uvimbe, msaada wa kiasi kwa ngozi, na si dhamana dhidi ya mzio. Mama ambaye mtoto wake ana mzio licha ya kunyonyeshwa vizuri hana kosa lolote.

Barani Afrika tofauti ya mazingira inaonekana. Utafiti wa Afrika Kusini ulikuta mzio wa chakula kwa asilimia 2.5 ya watoto wadogo wa Cape Town na asilimia 0.5 ya wale wa vijijini Eastern Cape. Yai ndilo lililoongoza. Kukua karibu na mifugo na kula maziwa yaliyochachushwa vilihusishwa na mzio mdogo. Miji ya Afrika Mashariki inakua kwa kasi, na watoto wanaozaliwa kwa upasuaji, waliopewa antibiotiki mapema na wanaoishi ghorofani mbali na zizi wanaongezeka. Hakuna sababu ya kudhani Dar es Salaam na Nairobi zitaepuka kilichoikuta Cape Town.

Mapishi ya wenyeji, hata hivyo, yana hazina ambayo London iliigundua kwa jaribio la miaka mingi. Uji wa lishe wa mahindi, ulezi, soya na karanga umemwonjesha karanga mtoto wa Kitanzania tangu zamani, na kwa umri uleule unaopendekezwa leo. Samaki wa kuchambua miiba yupo kila soko la pwani. Kinachokosekana zaidi ni yai, ambalo katika baadhi ya jamii mtoto hunyimwa kwa imani kwamba atachelewa kusema. Yai lililoiva vizuri linafaa kuanzia miezi sita, na huko Japani jaribio la mwaka 2017 lilionyesha kwamba watoto wenye pumu ya ngozi walioanzishiwa yai kidogokidogo kwenye umri huo walipata mzio wa yai kwa asilimia 8, ilhali walioepushwa walikuwa asilimia 38.

Hatari ya uji wa lishe iko kwingine. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo hudhuru ini na hushukiwa kuudhuru pia ukuta wa utumbo. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchanganya nafaka nyingi zilizosagwa pamoja huongeza nafasi ya kuingiza moja yenye sumu, na unga ukishasagwa hakuna jicho linaloweza kuitambua. Wataalamu wa lishe wanashauri uji wa nafaka moja, kisha kuongezewa chakula kingine wakati wa kupika: kijiko cha karanga zilizochaguliwa moja moja na kusagwa nyumbani, yai, maziwa, dagaa. Kukaanga hakuimalizi sumu hii.

Uanzishaji wenyewe hauhitaji vifaa. Chakula kipya hutolewa asubuhi, mtoto akiwa mzima, kiasi cha ncha ya kijiko, kisha anaangaliwa kwa saa mbili, muda ambao mzio wa haraka hujitokeza. Akiwa salama, huongezewa siku zinazofuata, na chakula hicho hurudiwa mara kadhaa kila wiki, kwa sababu kuonja mara moja na kuacha hakumjengei uvumilivu. Karanga hutolewa zikiwa zimesagwa na kulainishwa ndani ya uji. Nzima humkaba mtoto na hazifai kabla ya miaka mitano. Asali isubiri hadi mwaka mmoja kwa sababu ya sumu ya botulizimu. Mtoto mwenye pumu ya ngozi iliyo kali aonwe na daktari kabla ya kuanzishiwa karanga. Akivimba uso, akikohoa kwa kukoroma, akilegea au akihema kwa shida baada ya kula, anapelekwa hospitali mara moja achomwe sindano ya adrenalini. Maziwa na maji ya kunywa havisaidii.

Maziwa ya ng'ombe yanastahili neno lake. Yakitolewa kama kinywaji kikuu kabla ya mwaka mmoja, huweza kuvujisha damu kidogokidogo kutoka kwenye utumbo bila kuonekana, na mtoto akaishiwa damu. Kwa wengine wachache, nyuzi za damu huonekana kwenye choo cha mtoto anayenyonya na kukua vizuri, kutokana na protini ya maziwa anayokunywa mama. Hapo mama haachi kunyonyesha. Huacha maziwa ya ng'ombe na vitu vilivyotengenezwa nayo kwa wiki mbili hadi nne, kwa usimamizi wa daktari, na damu hukoma. Maziwa ya mbuzi si badala yake, kwani protini zake zinakaribiana mno na za ng'ombe. Mzio wa maziwa na wa mayai huwaacha watoto wengi kadiri wanavyokua, hivyo daktari huwajaribu tena kila baada ya muda. Wa karanga huwaacha kama mmoja tu kati ya watano, na wa samaki mara nyingi hudumu hadi utu uzima.